Kumrudisha Matilda Aliyekwisha Kuliliwa

Ninyi wa pale kwenye kibanda chetu cha baiskeli mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, na kila mtu nimempa kipande. Mkiviunganisha vipande hivyo mtadhani nilikwenda safari tatu. Kwa hiyo leo nimekaa chini niandike yote, toka kupanda mpaka kushuka, na anayejua kusoma haraka awasomee wenzake polepole.

Mwanzo wake mnaujua, ila nauweka kwa faida ya atakayekuja baadaye. Fundi mwenzetu Kaspari ana dada yake, Matilda. Matilda aliondoka nchi hii akiwa na miaka tisa, baba yao alipofuata ujenzi wa reli mpaka Zambia, na huko akakulia, akawa mwigizaji wa televisheni. Mama yao, Bi Eufemia, hakwenda naye, alirudi kwao ng'ambo ya mto na Kaspari mgongoni. Hakumwona binti yake tena. Mwaka jana wachuuzi wa treni wakamletea Kaspari kaseti ya filamu ambayo dada yake kacheza. Kaspari kwa furaha akamleta mama hapa Ifakara, akamkalisha mbele kwenye kibanda cha video, akamnunulia na soda. Kosa likawa moja tu: hakuna aliyeitazama ile kaseti kwanza. Katikati ya filamu Matilda anaugua, anakufa, anawekwa kwenye jeneza. Bi Eufemia akaiweka soda chini akaangua kilio, na akina mama wote mle ndani wakampokea, maana kilio hakiulizwi sababu.

Aliporudi kijijini habari ilikuwa imeshavuka mto kabla yake. Majirani wamekuja na unga, wamekuja na kuni, watu wamekula. Kaspari akaeleza mpaka koo likakauka, mama ule ni mchezo, mama dada yu hai. Bi Eufemia akamjibu, "Mimi si mjinga, Kaspari. Sikusema amekufa. Nimesema nimemlilia. Na watu wamekula. Tanga limeshawekwa."

Na kwetu tanga la msiba likishawekwa haliondoki kwa maelezo. Linaondolewa na mtani wa ukoo. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, mpaka mwenye msiba acheke. Asipocheka, analala chini kwenye mkeka, na marehemu hapiti mlango wake, hata kama marehemu mwenyewe yuko barabarani anakula chapati.

Matilda alipotuma salamu kwamba anakuja, ukoo wa watani wao ni sisi, na katika sisi Kaspari akanitazama mimi. "Otmari, wewe kutwa unajifanya watu. Unajifanya padri, unajifanya mimi. Nenda kamfuate dada Uchindile, anataka kushuka huko kwanza, mtazame njia nzima, ukifika hapa uwe umemjua kama kiganja chako."

Ndoto yangu ya kuwa mwigizaji mnaijua. Kwenda kumtazama mwigizaji wa kweli njia nzima! Ningekwenda hata kwa miguu.

Kupanda mpaka Uchindile

Kwenye treni nilikaa na mama mmoja mwenye kikapu cha mayai ya kuchemsha. Akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu bila kufikiri, "Namfuata marehemu."

"Ooo, pole sana mwanangu." Akanipa yai. "Alikuwa mtu mzima?"

"Kijana kijana."

"Masikini. Ugonjwa gani?"

"Sikulijua jina lake. Lilikuwa la Kiingereza."

Akatikisa kichwa, akanipa yai la pili. Habari ikapita behewa zima, na kabla sijajua la kufanya walioko nyuma wakaanzisha wimbo wa kanisani, na mimi nikaona aibu kuwakatisha kwa sababu walikuwa wanaimba vizuri. Nikaitikia sauti ya tatu. Nje bonde lilikuwa limejaa maji na mpunga, ndege weupe wamesimama kama nguo zilizoanikwa, na mimi nikiimba kumlilia mtu ambaye nitampokea kesho. Nilijisikia vizuri mno. Sijui kama inafaa kusema hivyo.

Baada ya Mlimba treni ikaanza kupanda. Inaingia mlimani giza, inatoka mwanga, inaingia tena. Kila inapotoka hewa imekuwa ya baridi zaidi, mpaka mwisho ikatoka kwenye ukungu mtupu na mtu akasema hapa ndipo Uchindile.

Ukungu

Asubuhi treni ya kutoka kusini ikasimama, akashuka mtu mmoja tu. Koti jekundu refu, viatu vya kisigino, sanduku dogo. Anatembea kama mtu anayebeba maji kichwani ila kichwani hana kitu. Nikajua ndiye. Nikaenda, nikavua kofia.

"Shikamoo, marehemu."

Alinitazama juu mpaka chini. Halafu akasema, kwa sauti nzito ya mama mtu mzima, "Shikamoo."

Nikashangaa. Hakuitika marahaba, aliniamkia! Baadaye akamwamkia shikamoo mwenye kuuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, akamwamkia na binti yake mdogo aliyekuwa anafagia. Ndipo nikaelewa. Kiswahili chake kilikuwa kile alichoondoka nacho. Ana miaka yake thelathini na kitu, kwa Kiingereza na kwa lugha za huko anaweza kukuhutubia kama mbunge, lakini akifungua mdomo kwa Kiswahili anatoka mtoto wa miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa huamkia kila mtu.

"Mi nataka kuona kambi," akasema. "Ya babangu. Twende saa hii."

Tukaenda. Kambi ya wajenzi haikuwepo. Kulikuwa na miti iliyopandwa kwa mistari, mistari na mistari, na ukungu unapita katikati yake kama watu wanaochelewa ibada. Akahesabu hatua toka relini, akasimama kwenye mti mmoja, akasema nyumba ilikuwa hapa. Akasogea, akasema hapana, hapa. Akasogea tena.

"Mama alikaa hapa na sisi," akasema. "Baba akasema tunaenda mbele. Mama akauona ule mlima uliotobolewa. Akasema, mi siingii mle na mtoto mgongoni. Baba akasema baki, tutakuja kukuchukua. Akanishika mkono. Mi nikafikiri tunaenda na kurudi."

Aliushika ule mti, gome lake likamwachia utomvu kiganjani, akawa anakinusa kiganja hicho mpaka tukarudi stesheni.

Mlimba

Hapo tulisubiri treni nyingine ya kushuka, na hapo ndipo nilipoharibu.

Tulikula wali na kambale kwa mama mmoja mwenye meza ndefu. Matilda alikula kama mtu anayetafuta kitu kwenye sahani. Akaomba tena. Mimi mtani, nikaona nafasi yangu. "Mama," nikamwambia mwenye meza, "huyu marehemu ungemwona! Sahani ya pili! Itabidi kaburi tulichimbe pana, na wachimbaji wenyewe tuna njaa."

Watu wakacheka. Matilda akaweka mkono mezani, machozi yakaanza kushuka, makubwa, polepole, usoni hakuna kilichokunjamana. Mimi katika maisha yangu sijaona mtu analia vizuri namna ile. Nikasimama nikapiga makofi.

Akainuka akaondoka.

"Wewe kijana," mwenye meza akaniambia, "una akili kweli? Mwenzio analia."

Nilimkuta nyuma ya stesheni amekaa juu ya sanduku. Nikachuchumaa mbali kidogo. Nikasema samahani, nilidhani ni kazi.

"Kila saa unaniita marehemu," akasema. "Ntakusemea kwa mama."

Hapo ikanijia kwamba hakuna aliyemweleza. Kaspari alimwambia tu njoo, mama anakungoja. Yeye alikuwa ameondoka kabla ya umri wa kufundishwa utani, alidhani namtukana. Basi nikamweleza yote: kaseti, soda, kilio, unga, mkeka. Nikamweleza kwamba mimi na yeye tukitukanana ndiyo heshima yenyewe, na kwamba mtani ndiye anayemfuata maiti njiani na ndiye anayemfukuza msibani.

Alisikiliza amekunja shingo.

"Kwa hiyo mama hajafurahi kuniona kwenye filamu."

"Aliweka soda chini."

"Na asipocheka?"

Injini moja ilikuwa inapumua mbali kwenye reli za pembeni.

"Mama alikuwa hachekicheki," akasema. Halafu akajifuta uso na kitambaa, akasimama, na mbele ya macho yangu yule mtoto akaondoka akaja mtu wa kazi. "Haya. Nitazame vizuri. Usiangalie uso. Kila mtu anaangalia uso. Angalia miguu, halafu angalia mikono inafanya nini wakati haina kazi."

Akatembea toka ukutani mpaka kwenye bomba la maji. Nikamfuata nyuma. "Mbaya," akasema. "Mbaya. Hiyo nzuri kidogo. Wewe mbwa." Neno la mwisho alilisema akiwa na wasiwasi, akanitazama kuona kama limekubali. Nikamwambia, marehemu, sasa umeanza kuelewa.

Mngeta

Treni ilitembea kidogo tu tukaambiwa maji yamepita juu ya reli mbele. Mvua ya masika haina msamaha. Tukashushwa, wengine wakalala stesheni, sisi tukapokelewa na mama mmoja, Mama Nikasi, anayelima mpunga jirani na shamba kubwa la pale Mngeta. Mpunga ulikuwa unaanza kuwa wa dhahabu, na yeye na mawifi zake kutwa wako juu ya dungu, kile kichanja cha miti, wanawinga ndege kwa makopo na kelele.

Sitazisahau zile siku. Maji pande zote, mawingu yako juu na mawingu yako chini, na mimi niko juu ya dungu nimevaa koti jekundu, natembea hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma, na Matilda yuko chini kwenye ngazi anapiga kelele, "Kiuno! Usikate kiuno, mi sikati kiuno!" Ndege wenyewe waliacha kuja. Mama Nikasi alisema tukae mpaka mavuno.

Jioni, tukila ugali na mboga za maboga, walimtaka aeleze maisha yake. Alieleza kwa kile Kiswahili chake kidogo, na pale kilipoisha alionyesha kwa mwili, kwa hiyo hakuna aliyepotea.

Baba yao alikufa yeye akiwa binti. Aliuza maandazi mlangoni kwa watu wa televisheni, halafu akapewa kazi ya kufagia ndani. Siku moja mwigizaji wa kucheza mfanyakazi wa nyumbani hakuja, wakamwambia wewe mwenye ufagio simama hapo, endelea kufagia. Akafagia. Wakamwita tena. "Nimefagia miaka mingi," akasema. "Nimefagia nyumba ya daktari, ya waziri, ya mchungaji. Nikisema neno, wanasema lafudhi yake siyo ya hapa, basi awe mfanyakazi. Au mchawi. Au mke mdogo ametoka mbali. Watu sokoni wananiita kwa jina la mchawi, wananipa nyanya bure wanaogopa."

"Hujawahi kuwa mwenye nyumba?" Mama Nikasi akauliza.

"Mara moja. Kwenye ile filamu. Mara ya kwanza wananipa nyumba, na mume, na kabati la vyombo." Akatutazama. "Wakaniua."

Tulicheka mpaka kopo likaanguka kutoka kwenye dungu.

"Lakini jenezani," akauliza wifi mmoja, "uliingia kweli?"

"Kweli. Wakafunga."

Wakasogea nyuma kidogo, wote pamoja.

"Lilikuwa jipya?"

"La kuazima. Kwa fundi."

"Yesu na Maria! La kuazima!"

"Linanuka rangi. Nikapiga chafya. Wakafungua, wakasema Matilda, wewe umekufa. Nikasema samahani. Wakafunga. Nikapiga chafya tena."

Akaigiza ile chafya ya ndani ya jeneza, na mimi hapo hapo nikaiweka akiba. Nikasema kimoyomoyo, hii ndiyo itakayomchekesha Bi Eufemia. Nililala nikiwa na uhakika kama wa mtu aliyekwisha kufika.

Kivukoni

Maji yalipopungua treni ikatufikisha Ifakara, ila hatukulala. Maiti akikaribia kwao hazungushwi. Kaspari alitungoja stesheni na baiskeli, amevaa shati la Pasaka. Alipomwona dada yake aliinua mikono yote miwili, halafu akakumbuka, akaishusha. Huwezi kumkumbatia uliyemlilia kabla tanga halijaondoka. Akasimama pale hajui aifanye nini ile mikono. Mwisho akausogeza usukani wa baiskeli, akashika upande mmoja, akamwambia, "Dada, shika huku." Wakaikokota hivyo mpaka Kivukoni, yeye kushoto, Matilda kulia, baiskeli katikati yao inalia kwiku kwiku. Mimi nilikuwa nyuma na sanduku, sikuwakaribia. Nilikuwa natazama miguu tu, kama nilivyofundishwa, na nikaona wote wawili wanakanyagia upande wa nje wa nyayo.

Mto ulikuwa juu, pantoni imefungwa kamba. Tukachukua mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshasikia habari, nani hajasikia?

"Huyu ndiye maiti wetu?" akauliza.

"Ndiye."

"Mbona amekaa? Maiti hulala. Na kuna viboko mbele, sitaki vichwa vinavyochomoza."

Alikuwa anatania, lakini Matilda akalala kweli kwenye sakafu ya mtumbwi, koti lake limekunjwa chini ya kichwa, akatazama juu. Kafi inaingia, inatoka, na matete yanapita, na anga lote la Kilombero liko usoni kwake. Aliuliza mara moja tu, "Tumefika katikati?" Kaspari akasema bado. Akasema, "Basi usiende haraka."

Uani kwa Bi Eufemia

Watu walijaa. Bi Eufemia alikuwa amekaa mkekani mbele ya mlango, miguu ameinyoosha, nywele hazijasukwa tangu siku ya kaseti. Mama mdogo, mkavu, macho kama ya ndege. Matilda alisimamishwa kando ya uzio, mgongo umeelekea nyumba, kama inavyotakiwa. Marehemu hatazami, wala hasemi.

Nikavaa koti, nikavaa viatu vya kisigino, nikafunga kitambaa. Nikaingia.

Jamani, sijisifu, ila ule mwendo niliupata. Uwanja mzima ulipiga yowe. Nikala sahani mbili za wali hewani. Nikawaamkia shikamoo watoto wa kunyonya. Nikalala kwenye jeneza la kuazima, nikapiga chafya, nikaomba samahani, nikapiga tena. Kaspari alishika nguzo ili asianguke. Kulikuwa na wazee wanafuta machozi.

Bi Eufemia alinitazama kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha kwa jirani.

Nikafanya tena ile chafya. Kicheko kikapungua. Nikatembea tena. Watu wakaanza kumtazama yeye badala yangu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Matilda, bibi," nikasema.

"Simjui."

Hapo nikaelewa. Njia nzima toka Uchindile nimejifunza Matilda ambaye mama yake hajawahi kumwona. Mtu atachekaje mfano wa mtu asiyemjua? Mgongo wa Matilda pale uzioni ulikuwa umenyooka, ila mkono mmoja ulikuwa umeshika ufito wa uzio kwa nguvu. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa na kitu kingine.

"Matilda wangu hatembei hivyo," Bi Eufemia akasema. "Unamharibu. Toka."

Akainuka. Watu wakaguna, maana mwenye msiba hainuki mkekani. Akaja mpaka katikati ya uwanja, akanisukuma pembeni na kiwiko. Akachukua kopo la maji lililokuwa pale, akaliweka kichwani. Akakunja magoti mpaka akawa na kimo cha mtoto. Akatoa mdomo wa chini nje. Akaanza kutembea huku anaburuta mguu mmoja, ananung'unika, ananung'unika, "kila siku mimi, kila siku mimi tu," na akafika mahali akatazama kushoto, akatazama kulia kama hakuna anayemwona, akainamisha kichwa taratiiibu, maji yakamwagika yote. Halafu akaweka mikono kichwani akapiga kelele, "Mama! Nimejikwaa!"

Wanawake wazee waliomjua Matilda mdogo walianguka wakashikana.

Na kutoka pale uzioni, sauti ya mtoto wa miaka tisa: "Sikumwaga makusudi!"

Bi Eufemia akageuka, kopo bado liko kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. "Ulimwaga makusudi!"

"Nilijikwaa!"

"Ulijikwaa na nini? Palikuwa tambarare! Nilikuwa nyuma ya nyumba nakuona!"

"Palikuwa na jiwe!"

"Jiwe! Nionyeshe jiwe, muongo mkubwa wewe!"

Na hapo kikamtoka. Kilianza kama kikohozi, kikashika mabega, kopo likaanguka, akajishika magoti akacheka, akacheka. Kaspari ndiye aliyeukunja mkeka. Hakungoja kuambiwa, aliuvuta, akaurusha juu ya paa.

Matilda aliupita mlango ule akiwa bado anajitetea. Baadaye tuliitwa kula, na mimi nilikaa karibu na mlango, nimerudi kuwa Otmari, miguu imevimba. Mama na binti walikuwa kwenye sahani moja, Bi Eufemia anamchambulia samaki miiba. Nilipowaaga kesho yake asubuhi ili niwahi mtumbwi, walikuwa jikoni, na Bi Eufemia alikuwa anachora chini kwa kijiti: hapa kisima, hapa njia, hapa nyumba, sasa hilo jiwe lilikuwa wapi? Matilda akakichukua kijiti, akaweka alama. Bi Eufemia akaifuta kwa kiganja. Matilda akaiweka tena.